Kiingereza cha Bandarini

Wasomaji wenzangu, naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nieleze jambo moja lililonipatia aibu darasani, kisha likanipatia kazi ya likizo nzima nyumbani kwa mjomba wangu. Huenda likamfaa na mwingine kabla ya mtihani wa Novemba.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa insha. Tumwandikie barua rafiki aliyeko Dodoma, ambaye hajapata kuona meli hata siku moja, tumweleze bandari ya Mwanza. Nilifurahi mno. Mimi ni mtoto wa Nansio, Ukerewe, na nimevuka maji ya ziwa hili mara nyingi kuliko nilivyopanda basi. Nikaandika kurasa mbili bila kuinua kichwa. Daftari liliporudi lilikuwa limejaa wino mwekundu, nami nimepata alama saba katika ishirini. Nyakati za vitenzi zilikuwa sawa, na hijai hazikuwa mbaya. Kosa ni kwamba niliandika kuwa meli "put its anchor", kuwa abiria "entered the ship", kuwa meli "passed at Kemondo", na kuwa ilikwenda "ten knots per hour". Kila neno peke yake lilikuwa la Kiingereza, lakini mwalimu akasema mbele ya wote, "Hiki ni Kiswahili kilichovaa koti la kuazima." Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, ingawa si kwa moyo.

Baadaye nilifikiri, nikaona mwalimu amesema kweli. Katika kila lugha maneno yana wenzi wao, na neno likiondolewa kwa mwenzi wake na kupewa mwingine halikai sawa. Sisi twapiga pasi, twapiga simu, twapiga hodi, na kule kwetu visiwani twapiga makasia, wala hapana kimoja kati ya hivyo kinachoumia. Meli yetu hutia nanga. Mgeni anayejifunza Kiswahili akisema meli "imeangusha nanga" tutamwelewa, lakini tutatazamana. Basi Mwingereza naye hutazama hivyo hivyo akisikia "put its anchor", maana kwake meli husemwa "drops anchor" au "casts anchor", yaani huiangusha au huitupa. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kuwa ndivyo wasemavyo wenyewe.

Likizo ilipofika nilikwenda kukaa kwa mjomba, Igogo, karibu na Bandari ya Kusini. Mjomba ni baharia wa chombo cha mizigo, na kazi hiyo ameifanya miaka kumi na minne. Alimaliza darasa la saba, akaingia majini. Sasa anatakiwa apate cheti ili apandishwe daraja, na cheti hicho kina mtihani, na kitabu cha kujiandalia mtihani ni cha Kiingereza kitupu. Siku ya kwanza, baada ya kumwamkia shikamoo naye kuitikia marahaba, alikileta kile kitabu kimefungwa katika mfuko wa nailoni kisilowe, akasema, "Mjomba, wewe ndiye uliyesoma. Nifungulie."

Nikakaa kitako kama hakimu. Ukurasa wa kwanza kabisa uliandikwa "Preparing to weigh anchor." Neno "weigh" nalijua tangu shule ya msingi, kwenye hesabu za kilo na gramu. Nikamweleza kwamba kabla ya safari mabaharia hutakiwa wapime uzito wa nanga.

Mjomba alinitazama, akauliza, "Kwa mizani ipi?"

Nikasema pengine meli kubwa zinayo mizani. Akacheka mpaka mke wake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Akasema, "Mjomba, kabla ya safari tunang'oa nanga. Tusipoing'oa hatuendi, hata ukijua uzito wake." Nikaenda kutazama katika kamusi, nikakuta kwamba neno hilo zamani lilikuwa na maana ya kuinua au kuchukua, na maana hiyo imebaki katika nanga. Hivyo "weigh anchor" ni kung'oa nanga. Na nanga inapobanduka tu kutoka chini, kabla haijafika juu, husemwa ni "aweigh". Mjomba alilipenda sana neno hilo, kwa sababu kwake ndiyo saa yenyewe. Alinieleza kwamba nanga hushika kwa kuuma tope, na mnyororo mrefu uliolala chini huisaidia kwa uzito wake, kwa hiyo nanga ikibanduka chombo kimekuwa huru, na mwenye usukani lazima awe tayari. Wanafunzi wengi tunadhani baharia hupandisha nanga kisha ndipo afikiri aende wapi.

Kutoka siku ile tulipatana. Mimi nasoma, yeye ananiambia kinachofanyika kwa kweli, kisha tunaandika katika daftari maneno mawili mawili au matatu matatu, wala hatuandiki neno moja peke yake. Jioni zilikuwa fupi, maana umeme ulikuwa ukikatika, tukawa tunasoma kwa tochi ya simu.

Siku moja aliniombea ruhusa langoni, nikaingia naye bandarini. Pale nikaona kwamba mambo mengi niliyoyaandika katika barua ile si makosa ya lugha tu, bali hata kuona sikuona. Mathalani, niliandika kila meli ikifika hutia nanga. Si kweli. Meli ikifika Mwanza na gati likiwa wazi, haina haja ya nanga. Husogea polepole ubavu kwa ubavu na gati, na Kiingereza chake ni "come alongside". Baharia hurusha kamba nyembamba, aliye gatini huidaka na kuivuta, na nyuma yake huja kamba nene ya kufungia. Kamba ile ikishavikwa katika vyuma vifupi vilivyosimama gatini na kukazwa, chombo kimekuwa "made fast". Mimi "fast" nalijua ni mbio, kumbe hapa maana yake ni imara, kisichotikisika. Na wakati wa kuondoka kamba hufunguliwa, ndiyo "cast off". Nafasi ya meli moja gatini huitwa "berth", neno lile lile la kitanda cha abiria ndani ya meli. Meli ikikosa nafasi hukaa mbali kidogo majini ikingoja, na hapo ndipo hutia nanga, husemwa "lies at anchor".

Nilimwona kijana mmoja akikosa kamba mara mbili, akatukanwa na wakubwa wake wawili kwa zamu. Maneno hayo hatukuyaandika katika daftari.

Sasa nieleze tofauti inayotusumbua, maana sisi tunalo neno moja tu, bandari. Kiingereza kina "harbour" na kina "port". "Harbour" ni maji yenyewe yaliyokingwa na upepo na mawimbi, mahali chombo kinapoweza kutulia. "Port" ni mahali pa kazi: magati, maghala, kreni, ofisi za forodha, hata mji wenyewe. Kwa hiyo Mwanza ina "natural harbour", kwa kuwa ghuba yake na vilima vya mawe vimekinga maji bila mtu kujenga ukuta. Mtu akisimama karibu na kivuko cha Kamanga akalitazama Jiwe la Bismarck, ataona mawe hayo yalivyojipanga kama walinzi. Na Mwanza ni "inland port", bandari ya bara, iliyo mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Dar es Salaam nayo ina bandari ya asili, yenye mlango mwembamba. Sisi twasema mlango wa bandari, Waingereza husema "the mouth of the harbour", mdomo. Nilipomwambia mjomba, akasema mdomo unafaa zaidi, kwa kuwa umemeza wengi.

Kilindini kule Mombasa jina lake limekwisha kueleza kila kitu: ni mahali penye kilindi, maji marefu. Kiingereza husema "deep-water port", maneno matatu kwa kazi ya moja letu. Lakini yapo maneno ya vitabu yasiyotuhusu sisi wa ziwani. Vitabu vya Kiingereza vimejaa "at high tide" na "at low tide", maji kujaa na maji kupwa. Ziwa letu halijai na kupwa kila siku kama bahari. Kwa hiyo ukimwandikia rafiki yako wa Dodoma kwamba meli ya Bukoba iliondoka "with the tide", umemdanganya. Ziwa hupanda kwa mvua za miaka. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 maji yalipanda zaidi ya mita mbili kufikia mwaka 1964, na mwaka 2020 yalipanda tena yakafunika sehemu nyingi za ufukoni.

Kadhalika si kila mahali panapotua mashua panaitwa "harbour". Kirumba tunasema Mwaloni, mahali panaposhushwa dagaa, sato na sangara, na mialo ya namna hiyo imejaa mwambao wote. Kiingereza chake kinachotumika ni "landing site", na samaki walioshushwa pale siku hiyo ni "the catch". Nami naona mwalo ni neno zuri kupita hilo lao.

Neno "harbour" lina jambo jingine lililonishangaza. Ni kitenzi pia. Kamusi yaeleza kwamba zamani sana lilikuwa na maana ya makazi ya jeshi, mahali askari walipojistiri usiku. Kutoka hapo likawa kuhifadhi, kupokea mgeni. Basi anayemficha mhalifu nyumbani "harbours a criminal". Na ambaye hasahau aliyotendewa "harbours a grudge", yaani amempa kinyongo chumba, naye kinyongo kimelala humo bila kulipa kodi. Twaweza kusema "harbour doubts", kuwa na mashaka moyoni, na "harbour hopes", kuwa na matumaini. Lakini angalia: huwezi kusema "harbour a friend" ukitaka kusema umemkaribisha rafiki yako likizo. Wazazi wake watadhani anatafutwa na polisi.

Maneno ya safari yana mitego yake. Meli inayokwenda Bukoba ni "bound for Bukoba". Nilipoliona neno "bound" nilitafsiri kuwa imefungwa, na mjomba akauliza itakwendaje ikiwa imefungwa. Maana yake ni kwamba imeelekea huko. Njiani meli hiyo hupitia Kemondo, na husemwa "calls at Kemondo". Haipigi kelele wala simu, bali hufika na kusimama kidogo kushusha na kupakia, na Kemondo ni "port of call" yake. Abiria hupanda, "go on board", wakishuka "go ashore". Tena tunakuwa "on a ship" na "on a ferry", lakini "in a canoe", maana mtumbwini mtu yumo ndani hasa, na maji yakiingia yanaingia naye. Kuhusu mwendo, "knot" moja tayari ni maili moja ya baharini kwa saa, nayo ni mita 1,852. Kwa hiyo "ten knots" inatosha. Ukiongeza "per hour" umesema saa mara mbili, kama nilivyofanya mimi nikapigwa wino.

Katika mizigo hapana shida kubwa. Wasukuma wamepakia pamba zao muda mrefu, na tangu reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mizigo hukutana na maji hapa hapa. Bandari ya Kusini ina mahali ambapo mabehewa yenyewe huingizwa melini juu ya reli, na MV Umoja ni meli ya kazi hiyo. Kiingereza hukubali namna mbili: "load cotton onto a ship" na "load a ship with cotton". Neno "cargo" halihitaji wingi kila mara. Hata shehena ya mabehewa ishirini ni "cargo". Mjomba hayo aliyashika kwa dakika tano.

Lakini kuna ukurasa mmoja tuliokaa nao jioni nzima. Uliandikwa, "The vessel listed to port." Nilikuwa nimekwisha kupata ujasiri, nikasoma kwa sauti na kutafsiri papo hapo: "Chombo kiliorodheshwa bandarini." Yalikuwa maneno mazuri, tena nilijua "list" ni orodha na "port" ni bandari, kama nilivyokwisha kueleza hapa juu.

Mjomba hakucheka safari hii. Alikivuta kitabu, akatazama picha iliyokuwa chini ya maneno yale, picha ndogo ya meli iliyochorwa kwa mistari. Akaweka kidole. "Mjomba, hii haijaorodheshwa. Hii inalala."

Ilikuwa kweli. "List" katika meli ni kulala upande, na "port" ni upande wa kushoto wa chombo ukitazama mbele. Nilitafuta sababu nikaipata. Meli za zamani za Ulaya zilikuwa na kasia la usukani upande wa kulia, kwa hiyo huo ukaitwa "starboard", upande wa kuongozea, na ili kasia lisivunjike walifunga gatini kwa upande wa kushoto. Upande wa bandari ukawa "port". Chombo kililala kushoto, ndiyo maana yake, nami nilikuwa nimekipeleka ofisini kuandikishwa.

Naomba wasomaji wanivumilie hapa. Tarehe 20 Septemba 2018 nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Bugolora, na kivuko cha MV Nyerere kilitoka pale Bugolora, kisiwani kwetu, kwenda Ukara. Kilijengwa kuchukua watu 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, watu wa nchi kavu wakiona. Waliokufa walizidi 200. Fundi mmoja alitolewa hai ndani yake baada ya siku mbili. Mwanamke mmoja wa Ukara alikuwa akija kununua vitambaa kwa mama yangu kila gulio, na siku ile alinunua viwili vya rangi ya majani, akasema cha tatu atakichukua wiki ijayo. Mama alikiweka kile kitambaa chini ya sanduku, hakukiuza mpaka leo.

Kabla yangu kuzaliwa ilikuwako MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba, na makaburi ya wengi yapo Igoma, mjini humu. Mjomba alikuwa kijana mdogo, na baba wa rafiki yake hakurudi. Habari za Kiingereza za misiba hii hutumia maneno mawili ambayo sisi huyachanganya. "Capsize" ni kupinduka, chombo kugeuka juu chini. "Sink" ni kuzama, kwenda chini. MV Bukoba ilipinduka kwanza, ikaelea kichwa chini, ndipo ikazama. Mtu aliye ndani ya chombo kilichopinduka lakini hakijazama bado anaweza kuwa hai, na waokoaji wakisikia neno lisilo lake watafanya kazi isiyo yake. Na kabla ya kupinduka, mara nyingi, chombo hulala upande. Hulala kwa sababu kimezidishwa, "overloaded", au kwa sababu watu na mizigo wamehamia upande mmoja. Ndiyo sababu neno lile limo katika kitabu cha mtihani wa mabaharia.

Mjomba akasema, "Kama ningekuwa naandika mtihani na swali likisema hivyo, nami nikajibu ya kwako, wangenipa sifuri, na wangefanya haki." Kisha akauliza orodha ya abiria sasa inaitwaje, ikiwa "list" imechukuliwa. Nikamwambia ni "passenger manifest", ingawa "passenger list" pia husemwa, na akaandika ya kwanza peke yake, akisema hataki tena kuchanganya. Idadi ya watu wanaoruhusiwa ni "capacity". Alama inayochorwa ubavuni mwa meli kuonyesha mwisho wa maji kufika ni "load line". Uingereza iliilazimisha kwa sheria ya mwaka 1876, baada ya Samuel Plimsoll kupigania jambo hilo miaka mingi bungeni, kwa sababu wenye meli walikuwa wakizijaza kupita kiasi na mabaharia wakifa. Mjomba alimpenda huyo Plimsoll kuliko maneno yote ya daftari. Aliuliza kama alikuwa baharia. Nikamwambia hapana, alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi na wafanyabiashara wamo."

Usiku ule alirudia mara nyingi, peke yake, huku akiosha miguu uani: "Listed to port. Listed to starboard." Mke wake akamwuliza anaomba dua gani.

Nilipofungua shule nilimpa mwalimu barua ile mpya, ingawa hakuniomba. Ameisoma, hakuniongezea alama, kwa kuwa muhula ule umekwisha funga. Aliandika swali moja tu pembeni, kutaka kujua nilipata wapi "made fast". Nikamwambia gatini.

Mtihani wa mjomba ni mwezi wa Septemba, wangu ni Novemba. Daftari nimemwachia yeye, lakini kabla ya kuondoka nilinakili kurasa zote kumi na moja kwa penseli. Anayetaka kunakili aje bwenini kwetu, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, baada ya chakula cha jioni, ila aje na karatasi yake.